Waitaliano wanakosea Kiingereza cha uchumi, na wala hawana habari

Jioni nafundisha Kiingereza cha uchumi hapa Torino. Wanafunzi wangu ni watu wazima: wahasibu, makarani wa benki, vijana wachache wanaojiandaa na mtihani wa chuo. Majuzi mama mmoja, mhasibu mzoefu, alisimama na kutangaza bila wasiwasi kwamba "the tax of interest" imempandishia rejesho la nyumba. Darasa likacheka. Yeye akacheka kuwazidi wote, kisha akaendelea na maelezo yake kama kawaida.

Kosa lake linaeleweka. Kwa Kiitaliano "tassa" ni kodi, na "tasso" ni kiwango, kama kiwango cha riba. Herufi moja tu imezitenga, kwa hiyo anayeruka haraka kutoka "tasso" anatua kwenye "tax". Lakini ungemsikiliza alichokuwa anaeleza! Alinunua nyumba kwa mkopo wa riba inayobadilika. Benki Kuu ya Ulaya ikaanza kupandisha riba Julai 2022, na ilipofika Septemba 2023 kiwango chake cha riba ya amana za mabenki kilikuwa kimetoka chini ya sifuri hadi asilimia 4. Akatuonyesha rejesho lake lilivyopanda na kwa nini, na alivyopiga hesabu ya kuhamia riba isiyobadilika. Yote hayo kwa Kiingereza kilichopinda kila kona.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Si na yeye, na sisi Watanzania.

Tuliosoma uchumi kwa Kiingereza kidato cha tano na sita, michepuo ya EGM na ECA, tunaijua sentensi ya "inflation is a persistent rise in the general price level" mpaka nukta yake. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili, Necta, baraza la mitihani, wakauliza, tukawarudishia kama ilivyo. Sasa mchukue mmoja wetu mwenye A yake ya uchumi umpeleke kwenye ofisi ya kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya. Anakopa milioni moja kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, miezi sita. Anaambiwa rejesho ni shilingi 266,667 kila mwezi, anaona zinalipika, anatia saini. Riba ile inahesabiwa juu ya milioni nzima kila mwezi, hata baada ya kurudisha sehemu kubwa ya deni. Mwezi wa sita, pesa ya watu iliyobaki mkononi mwake ni kama 166,667 tu, na bado anatozwa riba ya laki moja. Kwa mwezi huo hiyo ni asilimia 60. Mkataba ameusoma wote, na Kiingereza chake hakina kosa hata moja.

Najua mtakachosema. "Huyu kapanda ndege juzi, leo anatusema." Jamani, sijasema Waitaliano wana akili kuliko sisi. Nchi hii ukisubiri kibali cha kuishi unaweza kuota mvi kwenye foleni, na vijana wao wenye shahada wanakimbilia Ujerumani kila siku. Nasema jambo moja tu: hawa uchumi wameusoma kwa lugha ya nyumbani kwao, ukawaingia, na Kiingereza kikaja baadaye. Wakikosea, wanakosea jina la kitu ambacho wenyewe wanakijua vizuri.

Na wanakosea kweli, msidhani nawapamba. Kijana mmoja aliandika kwamba mjomba wake ana "factory" yenye ng'ombe arobaini. "Fattoria" kwao ni shamba, si kiwanda. Mwingine akaandika kampuni "imewapa leseni" wafanyakazi mia mbili, nikashangaa ni leseni za nini, kumbe imewafukuza kazi: "licenziare". "Economico" kwao ni ya uchumi, na pia ni ya bei nafuu, kwa hiyo wanaandika "economical crisis", mgogoro wa kiuchumi ukawa mgogoro wa bei poa. Ninalolipenda kuliko yote ni "turnover". Waitaliano wamelichukua neno hilo kwa maana ya wafanyakazi kuondoka na wengine kuingia. Sasa wakisoma taarifa ya kampuni ya Uingereza inayojisifu kwa "turnover" kubwa, wanaihurumia. Wanadhani watu wanaikimbia, kumbe ni jumla ya mauzo. Na bado sijagusa namba. Kwao nukta inatenga maelfu na mkato unatenga desimali, kinyume cha tulivyofundishwa sisi, kwa hiyo 3.500 ya Mwitaliano ni elfu tatu na mia tano. Jedwali moja la takwimu linaweza kutumalizia saa nzima.

Kwenye kukopa na kukopesha ndipo ninapotamba. Kiingereza kina "borrow" na "lend", na Waitaliano wanazichanganya vibaya mno, kwa sababu wao wana "prestare", yaani kukopesha, na anayekopa inabidi aseme anachukua kwa mkopo. Nikawaandikia ubaoni: kopa, kopesha, kopeshana, mkopaji, mkopeshaji. Mzizi mmoja, na kila mtu anajua pesa imetoka kwa nani ikaenda kwa nani. Wakapiga makofi. Nilijisikia kama nimeitunga mimi hiyo lugha. Sikuwaambia kuhusu "kodi", nakiri. Ningeanzaje kuwaeleza mpangaji anayemlipa mwenye nyumba kodi, halafu akinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, anakatwa kodi nyingine ya jengo ambalo si lake?

"Kiswahili hakina istilahi za uchumi." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na huwa linasemwa na watu waliosoma. Waziri wa fedha akisimama Dodoma mwezi wa Juni anasoma bajeti kwa lugha gani? Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho. Pato la taifa, mfumuko wa bei, hatifungani, nakisi ya bajeti, akiba ya fedha za kigeni, yote yamo, na taarifa ya habari ya usiku inayarudia bila mtangazaji kujikwaa. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, ilitamkwa kwa Kiswahili, bibi yangu akaisikia redioni. Ukiigawa kwa watu milioni 61.7 wa sensa ya 2022 unapata kama laki nane kwa kila kichwa, na mtu akishaijua hiyo laki nane ndipo anaanza kuuliza maswali ya maana kuhusu zahanati ya kijijini kwake. Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha tano anaiweza. Hapati nafasi ya kuifanya, kwa sababu kipindi kizima kinaishia kwenye kunakili maana ya "fiscal policy".

Hapa chuo kikubwa cha ufundi cha Milano, Politecnico, kiliamua mwaka 2012 kwamba shahada za uzamili na uzamivu zifundishwe kwa Kiingereza peke yake kuanzia 2014. Walimu wake wakaenda mahakamani! Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2017 ilisema kozi za Kiingereza ruksa, lakini Kiitaliano hakiwezi kufukuzwa darasani moja kwa moja kwenye vyuo vya nchi yake. Kwetu Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili sekondari tangu 1982, sera ya elimu ya 2014 ikasema hivyo hivyo, halikutekelezwa, na sijasikia aliyekwenda mahakamani. Tumebaki na shule zinazomvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema "naomba maji".

Mwingine atasema mbona Waitaliano nao wanakihusudu Kiingereza. Kweli, na wanachosha. Kufanyia kazi nyumbani wanakuita "smart working", jina ambalo Mwingereza mwenyewe halitumii hivyo. Kubana matumizi ya serikali ni "spending review". Walipobadilisha sheria za kazi mwaka 2014 wakaziita "Jobs Act", kana kwamba bunge lao liko Washington. Ila hiyo ni mikogo ya wanasiasa na magazeti. Mtoto wa hapa anayejifunza riba na faida anajifunza kwa lugha anayogombania nayo mpira na kaka yake.

"Lakini wewe Kiingereza ndicho kinachokulisha huko." Kabisa, kinanilisha, na sijamwambia mtu akitupe. Mama yule mhasibu naye anakitaka, analipa ada, anakuja na mvua. Keshokutwa tunaanza mizania ya kampuni, na ninajua yatakayotokea, kwa sababu "bilancio" kwao ni mizania, ni bajeti, na ni hesabu za mwaka, yote kwa mkupuo. Tutacheka sana. Kwa jinsi ninavyowajua, hakuna atakayenyamaza kwa kuogopa kuchekwa, na hilo ndilo darasa letu la kidato cha tano lisiloliweza: mikono iko chini, macho kwenye daftari, kila mtu anaogopa "is" na "are" kuliko anavyoogopa kutoelewa.

Na wewe uliyekwisha andaa lile la "basi rudi ukafundishe huko kwa Kiswahili", nipe shule itakayonipokea. Halafu niambie mwanafunzi wangu, akishanieleza mfumuko wa bei kwa mfano wa sukari na nauli ya daladala mpaka mimi mwenyewe nikapata jipya, ataliandika wapi jibu hilo siku ya mtihani wa kidato cha sita.