Jeni na Lukemia ya Watoto: Kipimo Kipi Kimfae Mtoto wa Nairobi?

Mtoto anapogunduliwa kuwa na lukemia, yaani saratani ya damu, swali linalozuka mapema katika familia nyingi za Nairobi ni la ukoo: ugonjwa huu umetoka kwa baba au kwa mama? Kwa kawaida mzigo humwangukia mama, naye hubaki kujieleza mbele ya wakwe huku mwanawe akiwa amelazwa. Sasa elimu ya vinasaba inaonekana kuleta jibu, na anayeisoma kwa pupa anaweza kuzipa lawama hizo nguvu mpya.

Wanaotaka utafiti wa jeni upewe kipaumbele hawazungumzi ovyo. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza na Marekani walionyesha kwamba tofauti ndogo katika jeni za ARID5B na IKZF1, ambazo husimamia ukuaji wa chembe nyeupe za damu, huongeza uwezekano wa kupata lukemia ya limfoblasti, aina inayowapata watoto wengi zaidi. Nchini Marekani tofauti hatari ya ARID5B imeonekana kuwa haba zaidi kwa watoto wenye asili ya Afrika, ambao pia huugua aina hii kwa kiwango cha chini kuliko Wazungu. Hata hivyo, walio wengi katika tafiti kubwa za jeni duniani ni watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko bara lolote. Watoto wetu wasipohesabiwa humo, tutaendelea kutibiwa kwa majibu ya wengine.

Lakini tuzitazame hesabu zenyewe. Katika nchi za Magharibi, ugonjwa huu humpata takriban mtoto 1 kati ya 2,000 kabla ya kutimiza miaka 15. Tofauti moja ya jeni kati ya hizo huongeza hatari kwa mara moja na nusu hivi, pengine mara mbili. Basi hata tukichukua hatari iliyoongezeka maradufu, kati ya watoto 2,000 walioirithi, 1,998 hawataugua, na hakuna chanjo wala dawa ya kinga tunayoweza kuwapa wawili waliosalia. Zaidi ya hayo, mabadiliko yanayoanzisha lukemia kwa watoto wengi, kama kuungana kwa jeni za ETV6 na RUNX1, hutokea tumboni ndani ya chembe ya mtoto mwenyewe. Hayarithiwi kwa mzazi yeyote. Mwanasayansi Mel Greaves wa Uingereza, aliyelifuatilia jambo hili kwa miongo mingi, anaeleza kwamba huhitajika pigo la pili baada ya kuzaliwa, ambalo analihusisha na jinsi kinga ya mwili inavyoyapokea maambukizi. Hata pacha wanaofanana, mmoja wao akiugua baada ya umri wa uchanga, mwenzake huugua kwa asilimia 10 hadi 15 tu. Wako watoto wachache wenye hatari kubwa kweli, kama wenye hali ya Down (waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada) au waliorithi hitilafu ya TP53, jeni inayozuia saratani, na hao wanastahili ushauri wa pekee.

Kwa hiyo, kuwauzia wazazi kipimo cha kutabiri lukemia kwa mtoto mwenye afya ni kuwauzia hofu. Hapo naungana na wanaoupinga utafiti wa jeni kupewa kipaumbele. Ninapoachana nao ni wanaposema kuwa jeni zisubiri mpaka dawa zipatikane kwa wote. Najua uzito wa hoja yao: wapo watoto wanaotibiwa malaria kwa wiki kadhaa, wamepauka na wana michubuko, kabla mtu hajaagiza hemogramu, yaani kipimo cha kuhesabu chembe za damu, na kila shilingi ina kazi yake. Lakini jeni humfuata mtoto hadi kwenye kidonge.

Mekaptopurini ni dawa inayonywewa kila siku kwa muda mrefu katika awamu ya mwisho ya matibabu. Kidonge chake ni cha miligramu 50, na mtoto mdogo mara nyingi hupewa nusu. Jeni ya TPMT hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa hii mwilini, na aliyerithi kwa wazazi wote wawili jeni hiyo isiyofanya kazi anaweza kuharibiwa uboho na dozi hiyo ya kawaida. Yeye huhitaji takriban sehemu moja ya kumi, tena mara tatu tu kwa wiki. Tofauti mojawapo inayoidhoofisha jeni hiyo, iitwayo TPMT*3C, imo miongoni mwa Wakenya. Kuna pia tofauti ya jeni ya Duffy, iliyoenea sana Afrika, ambayo humfanya mtu mwenye afya awe na chembe nyeupe chache. Daktari anayefuata viwango vya Ulaya vya chembe hizo, akidhani dawa ndiyo iliyozipunguza, anaweza kumsimamishia dawa mtoto ambaye hajadhurika kwa lolote, na dawa ikikatizwa mara kwa mara, saratani hupata nafasi ya kurudi.

Kipimo cha TPMT kinachotazama jeni yenyewe hufanywa mara moja tu maishani. Kile cha zamani, kinachopima kimeng'enya ndani ya chembe nyekundu, hupotosha mtoto anapokuwa ameongezewa damu, na watoto wenye lukemia huongezewa damu tangu siku zao za kwanza wodini.