Walikufa Wakitii Amri, Wakasafirishwa kwa Mchango

Usiku wa tarehe 23 Agosti 1943, Mabel Rawlinson, rubani wa miaka 26 kutoka Kalamazoo, Michigan, alikuwa anarudi kutua kwenye uwanja wa kijeshi wa Camp Davis, North Carolina. Alikuwa katika mafunzo ya kurusha ndege aina ya A-24 gizani. Ndege iligonga miti karibu na uwanja, ikavunjika vipande viwili, ikashika moto. Mwalimu wake, aliyeketi nyuma, alirushwa nje akapona. Mabel alinasa ndani. Marubani wenzake walisimulia baadaye kwamba komeo la kifuniko cha chumba chake lilikuwa bovu, halifunguki kwa ndani, na kwamba walisikia mayowe yake.

Alikuwa mmoja wa WASP, kikosi cha wanawake waliolirushia ndege jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kilichoundwa siku 18 tu kabla ya ajali hiyo. Kwenye makaratasi wote walikuwa raia. Kwa hiyo aliyekufa hakustahili bendera juu ya jeneza, familia haikupata bima ya kijeshi, na jeshi halikugharimia kusafirisha mwili. Wenzake walichangishana. Sisi tuliowahi kukaa kwenye kikao cha msiba, daftari la michango likizunguka, tunajua uzito wa neno hilo. Ila msiba ule ulikuwa na mwajiri, na mwajiri mwenyewe alikuwa jeshi la Marekani.

Wanaolitetea jeshi hawakosi hoja. Wanawake hao walisaini mikataba ya kiraia wakijua wanachosaini, na waliweza kuacha kazi, jambo ambalo askari hawezi. Mkuu wao, Jacqueline Cochran, alikataa waingizwe chini ya jeshi la wanawake la nchi kavu, na hilo lilichangia kuchelewesha suala lao. Isitoshe, kufikia mwaka 1944 marubani wanaume walikuwa wengi, na wakufunzi wa kiraia waliokuwa wamepoteza ajira waliogopa kupelekwa vitani kama askari wa miguu. Wabunge waliwasikiliza. Juni 1944 muswada wa kuwapa WASP hadhi ya kijeshi ulikufa kwa kura 188 kwa 169.

Hoja ya mkataba ndiyo inayonisumbua zaidi. Wanaume raia nao waliajiriwa kusafirisha ndege za jeshi, lakini wao waliweza kupewa kamisheni, yaani cheo cha afisa wa jeshi, baada ya siku 90 za majaribio. Mwanamke aliyerusha ndege ileile kwa amri ileile alibaki raia hadi kufa. Na kazi za Camp Davis hazikuwa za kiraia hata kidogo. Marubani walivuta shabaha angani huku wapiga mizinga wanafunzi wakifyatua risasi za kweli kutoka chini, tena kwa ndege zilizochakaa.

Waliohitimu ni 1,074. Waliokufa ni 38, na 11 kati yao walikuwa bado mafunzoni. Mtu anaweza kusema 38 ni wachache mbele ya maelfu ya wanaume waliokufa kwenye viwanja vya mafunzo humohumo Marekani, na kwa hesabu ni kweli. Lakini wale wanaume walirudishwa kwao kwa gharama ya serikali. Kuwatendea hivyo na hawa 38 kungeligharimu taifa lile shilingi ngapi?

Kikosi kilivunjwa tarehe 20 Desemba 1944. Haki za askari wastaafu zilikuja mwaka 1977, baada ya miaka 33, na hata hapo mambo hayakuisha. Elaine Harmon, mmoja wao, alifariki Aprili 2015 akiwa ameacha wosia azikwe Arlington, makaburi ya kitaifa ya wanajeshi wa Marekani. Jeshi likasema WASP hawana nafasi pale. Familia iliyaweka majivu yake kabatini, wajukuu wakahangaika kwa wabunge, hadi sheria mpya ikasainiwa Mei 2016. Alizikwa Septemba mwaka huo, kwa heshima za kijeshi.