Mura Juu ya Rifuto

Mimi ni Mkurya wa Tarime, na baridi naijua. Kwetu mwezi wa saba alfajiri mtu anaota moto huku amejifunga blanketi. Lakini baridi ya Niigata, huku Japani ninakosoma, ni ukoo mwingine kabisa. Upepo unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani ukinywa maji njiani, ukigonga milima unabwaga mzigo wote wa theluji pale pale. Asubuhi unatoka nje, baiskeli haipo. Hujaibiwa, imezikwa.

Siku moja senpai wangu wa maabara akaniambia Jumapili tunakwenda kuskii, yaani kuteleza mteremkoni juu ya theluji umefungwa mbao ndefu miguuni. Senpai ni aliyekutangulia shuleni, na senpai hakataliwi. Njia nzima alinipa historia: kwamba mwaka 1911 meja mmoja wa jeshi la Austria-Hungaria, Theodor von Lerch, aliwafundisha askari wa Takada, huko huko Niigata, kuskii kwa fimbo moja tu. Nikajipiga kifua kimoyomoyo. Kama wao waliweza kwa fimbo moja, mura, kijana wa Kikurya, mwenye fimbo mbili atashindwaje?

Nilitegemea milima ile ya kwenye mabango. Kumbe ni kilima cha kijiji: lifti mbili za kupandisha watu juu, banda la kukodisha vifaa, na mgahawa wenye wali kwa mchuzi wa kari. Wali ule, nasema kweli, ndio kitu pekee kilichonitendea haki siku ile.

Bandani alikuwepo mzee wa rika la babu yangu. Japani viatu hupimwa kwa sentimita, nikamwambia 30. Akavuta hewa kwenye meno, ssss, kama fundi gari anayetaka kukutajia bei. Akazama stoo muda mrefu, akarudi na buti za waridi kali, masalia ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, Japani nzima ilipokuwa imepagawa na skii. Buti hizo hazikunji popote. Nikatoka nazo kama jogoo aliyefungwa kamba miguuni.

"Unatoka wapi?"

"Tanzania."

"Afurika!" Uso wake ukang'aa. "Boito-san!"

Alimaanisha Philip Boit, Mkenya aliyekwenda Nagano kwenye Olimpiki ya mwaka 1998, akaskii kilomita 10 na kumaliza wa mwisho, dakika kama 20 nyuma ya mshindi. Mshindi mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri pale mwisho ili amkumbatie. Ningeweza kumweleza mzee kwamba Kenya na Tanzania ni nchi mbili. Lakini heshima yenyewe ilikuwa tamu, na Tarime hadi mpakani ni pua na mdomo. Nikainamisha kichwa kama mpwa wake Boit.

Uongo huo ndio ulioniponza. Mzee akafunga banda, akatoka kunifundisha mwenyewe.

Akasimama mbele yangu, upande wa chini wa mteremko, tunatazamana. Akasema kuzuia mwendo ni kupanga miguu kama herufi "ha" ya Kijapani. Herufi hiyo ni vijistari viwili vilivyoegemeana kama paa la nyumba lisilofungwa juu: vidole vinakaribiana, visigino vinatanuka. Akaichora kwenye theluji kwa fimbo, vizuri sana. Ila aliichora akiwa upande wake. Kutoka kwangu, paa lilikuwa limepinduka.

Mimi ni mwanafunzi mtiifu. Niliinakili kama nilivyoiona.

Visigino vikabanana, vidole vikatazama pembeni, na kila mguu ukashika njia yake kama ndugu waliogombea shamba. Mzee akaanza kupiga kelele "Ha! Ha! Ha!" nami nikadhani ananicheka. Kisha nikasikia praaa. Nikafumba macho kwa hofu. Ilikuwa suruali tu, nikamshukuru Mungu.

Mtu mwenye akili angerudi kwenye wali. Mimi nikaenda kwenye lifti. Wajapani hawana L, wanaiita "rifuto", na hapo Mkurya hahitaji mkalimani. Ilikuwa ya kiti kimoja kimoja, hakina mkanda wala kizuizi, kinaning'inia kwenye waya. Mhudumu anakifagia theluji kwa ufagio, kinakuja nyuma yako, kinakupiga magotini, unajikuta umeketi unaelea. Kupanda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa juu, unapotakiwa kusimama na kuteleza uondoke.

Nilisimama. Suruali haikusimama. Ule mpasuko ulikuwa umenasa kwenye pembe ya kiti.

King'ora kikalia, lifti ikagoma. Nyuma yangu kulikuwa na watoto wa shule ya msingi na bibi mmoja, wote wananing'inia hewani kwa sababu ya suruali yangu. Mhudumu wa juu akaja mbio, akatazama mteremko, akatazama buti za waridi, akatazama mpasuko. Akaamua. "Kaa hapo hapo."

Nikazungushwa na kuanza kushuka kwa kiti, peke yangu, huku wengine wote wanapanda. Japani ukiwasumbua watu unaomba radhi, na mimi nilikuwa nimewasumbua wote, tena tunapishana uso kwa uso. Kila kiti kilichopita, nainama: "Sumimasen." Nilihesabu viti 19. Watu wale wana adabu, kila mmoja aliinama juu ya kiti chake na kunijibu "Otsukaresama", yaani pole na kazi. Kazi gani, sijui. Wa 14 alikuwa senpai wangu. Huyo ghafla alivutiwa mno na miti.

Nilipofika chini, yule wa ufagio akanishusha kwa mikono miwili kama gunia la mahindi. Tiketi yangu ilikuwa ya kupanda mara 11, na sikutaka deni. Nikaitoa, nikamuuliza safari hii inahesabiwa moja au mbili.

Akaitazama tiketi, akanitazama, akatazama waya kule juu. Akafikiri kwa dhati kabisa.

"Kushuka ni bure," akasema, akaendelea kufagia.