Acheni kumkata Fats Waller vipande viwili

Juzi tulibishana na rafiki yangu mmoja, mpiga kinanda mzuri tu, mpaka chai ikapoa. Anasema Fats Waller, yule Mmarekani mweusi wa jazz aliyepiga piano na kuimba, alikuwa fundi wa piano ila kipaji alikiharibu kwa kuimba upuuzi, eti yeye anasikiliza zile za piano tupu tu, Handful of Keys, Smashing Thirds, zile za 1929, zenye kuimba anazipita. Na sio yeye peke yake jamani, wapenzi wengi wa jazz wanaongea hivyohivyo, na mimi inaniuma sana.

Hebu chukua Your Feet's Too Big ya mwaka 1939. Mtu anamlalamikia mpenzi wake kwamba ana miguu mikubwa, hadithi yote ndio hiyo. Sasa fungua masikio. Sauti inapanda kwa hasira, inashuka, anaacha kuimba anaanza kuongea, na mwishoni anatupa lugha ya mtaani anashika maneno marefu ya kisomi kusema jambo lilelile, miguu ni mikubwa. Na muda wote huo bendi haiyumbi hata chembe. Neno linachelewa kidogo, linadondoka nyuma ya pale ulipolitegemea, unacheka, na mguu wako bado unagonga sakafu kwa mapigo. Kuchekesha watu ndani ya mapigo namna hiyo huwezi kama hujui muziki mpaka kwenye mifupa.

Maana huyu alikuwa mtoto wa stride, mtindo wa piano wa Harlem, mtaa wa watu weusi New York, mwanafunzi wa James P. Johnson, gwiji wa mtindo huo. Kwenye stride mkono wa kushoto unapiga noti ya chini kabisa halafu unaruka mpaka katikati ya piano kukamata noti kadhaa kwa pamoja, unarudi chini, unaruka tena, kwa kasi, na wa kulia huku unaendelea na mambo yake kama vile haujui kinachotokea kule. Mtu aliyezoea hivyo tangu ujana, mkono huu unasema hili na ule unasema lile, akiongeza sauti anakuwa ameongeza mkono wa tatu. Sikiliza I'm Crazy 'Bout My Baby ya 1931, yupo peke yake, piano na sauti basi, halafu uniambie utakata wapi.

Haya, nakubali, nyimbo nyingine zilikuwa mbovu. Tangu 1934 alipoanza kurekodi na bendi yake, Fats Waller and His Rhythm, kampuni ya rekodi ya Victor walimpa nyimbo za biashara za kila aina, nyingine ukisoma maneno yake unaona aibu. Lakini yeye alizidhihaki humohumo ndani ya rekodi! Wimbo wa mapenzi uliojaa sukari anauimba kwa kujidai, anaguna, anatupia neno la pembeni, na kabla hujamaliza kucheka Al Casey na gitaa lake na Herman Autrey na tarumbeta wameshaubeba. Mtu mweusi Marekani ya miaka ile angesimama studio awaambie wazungu huu wimbo wenu hauna maana? Yeye aliwaambia, kwenye maikrofoni yao, na sahani za santuri wakaziuza. Huo kwangu ni ujasiri mkubwa. Na wimbo alioupenda hakuugusa kwa dhihaka, I'm Gonna Sit Right Down and Write Myself a Letter ya 1935 ameimba kwa upole mpaka unataka kunyamaza.

Halafu huyo wanayemwita mchekeshaji ndiye aliyeshiriki kutunga muziki wa Black and Blue mwaka 1929, wimbo wa maumivu ya mtu anayeteswa kwa rangi ya ngozi yake. Maneno ni ya Andy Razaf, ambaye baba yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Madagaska, hapa jirani zetu kabisa, na ni watu wachache sana kwetu wanaolijua hilo.

Kinanda cha mabomba sijakigusa hata, zile alizorekodi Camden, Marekani, 1926 na zile nyimbo za kiroho alizorekodi London 1938, yeye mtoto wa mhubiri amerudi nyumbani.

Alifariki ndani ya treni Desemba 1943, nimonia, miaka 39 tu. Muda wote aliopata ndio huo, na sisi tunautenga mafungu mawili, hili la maana, hili la kutupa. Jamani, Juni 1937 alirekodi Star Dust na Tea for Two, piano tupu, na Oktoba mwaka huohuo The Joint Is Jumpin', watu wanapiga kelele kama sherehe, mpaka polisi wanaingia. Ziwekeni zifuatane, kwa mpangilio huo, na kwenye hiyo The Joint Is Jumpin' msiishie kwenye kelele, ufuateni mkono wa kushoto.