Zunguka Nyuma ya Jengo

Ratiba za kuona vivutio kumi vya mji kwa siku moja ni njia nzuri ya kuchoka bila kuona kitu. Unashuka kwenye basi, mwongoza watalii anataja mwaka, unapiga picha, unapanda tena. Jioni ukiulizwa jengo la tatu lilikuwa lipi, unafungua simu kuangalia.

Kwangu mimi mawili kwa siku yanatosha kabisa. Na ukishafika, lipe kisogo eneo ambalo kila mtu anasimama kupigia picha, uanze kutafuta mahali jengo lilipoguswa: lilipobomolewa, lilipozibwa, lilipochorwa na mtu ambaye hakutumwa. Sura ya mbele umeiona kwenye kalenda miaka nenda rudi. Kilicholipata jengo baada ya kujengwa ndicho kinachostahili nauli yako.

Colosseum ya Roma, ule uwanja wa kale wa michezo, kwa mfano. Watu huinua macho, hustaajabia ukubwa wake, huondoka. Sogea karibu na ukuta uone mawe yalivyojaa matundu. Wapo wanaodhani ni alama za risasi. Mawe yale yalishikanishwa kwa vibanio vya chuma, na katika Zama za Kati, chuma kilipokuwa mali, watu waliyatoboa mpaka wakavifikia na kuvichomoa. Upande mmoja wa ukuta wa nje nao uliporomoka kwa tetemeko la ardhi, na mawe yake yakabebwa kwenda kujengea makanisa na makasri ya mji huohuo. Kwa hiyo ukitembea Roma, huenda unapita mbele ya vipande vya Colosseum na wala hujui.

Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Pantheon, hekalu la kale la Warumi, ambayo kwenye paji la uso wake pameandikwa kwamba mjenzi ni Marcus Agrippa, jemadari wa Kirumi. Usiyaamini maandishi hayo. Jengo la Agrippa liliungua. Hili tunaloliona lilikamilika enzi za Kaisari Hadrian, karibu na mwaka 126, Agrippa akiwa marehemu kwa zaidi ya karne moja. Hadrian aliamua tu kuliacha jina la mwenzake. (Ni wakubwa wangapi wa leo wangekubali hilo?) Ndani, wageni wote hukaza macho juu, kwenye tundu la kuba lenye upana wa karibu mita 9, lisilo na kioo. Mimi ningekushauri utazame chini pia. Mvua ikinyesha maji huingia moja kwa moja, na kwa sababu hiyo sakafu ina mwinamo kidogo na vitundu vya kuyapitisha. Siku ya mvua, ambayo watalii wengi huilaani, ndiyo siku ya kwenda pale.

Istanbul, Hagia Sophia ilizinduliwa mwaka 537 ikiwa kanisa, ikageuzwa msikiti mwaka 1453, ikawa makumbusho katika karne ya 20, na tangu 2020 ni msikiti tena. Hayo utayasikia kwa kila mtu. Lakini kwenye marumaru ya roshani ya juu kuna mikwaruzo ya herufi za kale za watu wa Skandinavia, na jina linalosomeka ni Halfdan. Huenda alikuwa askari wa kukodiwa aliyechoshwa na ibada ndefu. Leo angekamatwa, siku hizi jina lake linalindwa.

Najua kuna atakayesema: nauli ni ghali, sitarudi tena, acha nione vyote. Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kumlaumu mtu kwa kutaka kufaidi fedha yake. Ila kati ya kuona kumi na kupita kumi kuna tofauti, na basi lile linakuuzia kupita.

Jambo moja zaidi. Watu hununa wakikuta jengo walilolifuata limezungushiwa majukwaa ya mafundi. Notre-Dame ya Paris iliungua Aprili 2019 na haikufunguliwa hadi Desemba 2024, na wengi waliofika katikati ya hapo walijiona wamepunjwa. Sikubaliani nao. Kanisa hilo lina zaidi ya miaka 800, na ni vizazi vichache mno vilivyopata kuona maseremala wakichonga mbao za mwaloni ili kulipandishia paa jipya.