Nusu Saa ya Fundi

Pale Oli, Arua, ukishajulikana kuwa fundi wa kompyuta umekwisha. Redio imekufa, unaitwa. Pasi haipati moto, unaitwa. Kwa hiyo Hajati aliponipigia simu kwamba ana kazi ya kompyuta, kompyuta kweli, nilioga na kubadili shati.

Ilikuwa ya marehemu mumewe: sipiyu ya kijivu nzito kama jiwe la kusagia, ina Windows XP, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Ndani mna picha na video za watoto tangu wanatambaa, gigabaiti 18. Binti yake anaolewa Kampala Jumamosi, na picha zinatakiwa ukumbini. Kijana wake ana tiketi ya basi la saa mbili usiku. Mimi nimefika saa kumi na mbili na nusu jioni, na diski ya nje mpya mfukoni.

"Fundi, itachukua muda gani? Umeme hakuna, nataka kujua nitie petroli kiasi gani kwenye jenereta."

Marehemu alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Kitabu cha mashine kilikuwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Nikafunua ukurasa wa USB: 12 Mb/s. Nikatoa simu, nikagawa megabaiti 18,000 kwa 12. Sekunde 1,500. Dakika 25.

"Nusu saa, Hajati. Tia lita moja tu, na itabaki. Ikizidi nusu saa, hunilipi."

Hilo la mwisho hakuna aliyeniomba.

Saa moja kasorobo jenereta ikanguruma, nikachomeka diski. Kikachomoza kiputo cha njano pembeni ya skrini: kifaa hiki kinaweza kwenda kasi zaidi kikipata tundu la kasi zaidi. Mimi nikaisoma kama sifa ya diski yangu. Nikakifunga. Kisha kunakili kukaanza, na kompyuta ikaandika kwamba zimebaki dakika 297.

"Mbona inasema hivyo?" akauliza Hajati.

"Ndiyo kwanza inaamka, Hajati. Windows hutia chumvi."

Chai ikaja, na mandazi ya iliki. Nilikuwa kwenye andazi la tatu, dakika zimebaki 286, mjukuu wake wa kidato cha pili aliposimama nyuma yangu na kile kitabu.

"Mjomba fundi, hii b mbona ndogo?"

"Wachapaji hao. Hawana adabu."

"Mwalimu alisema b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti. Na baiti moja ina biti nane."

Andazi likakwama. Nikageuka ukutani nigawe 12 kwa 8 bila mtu kuniona: megabaiti 1.5 kwa sekunde. Maana yake saa tatu na dakika ishirini, tena hiyo ni kasi ya kwenye karatasi. USB ya kizamani ikishatoa muda wake wa salamu na maulizo, unabaki na kama megabaiti moja kwa sekunde. Sekunde 18,000. Kumbe Windows haikutia chumvi hata punje.

"Hajati, nimekosea kidogo. Ni saa tano."

"Saa tano usiku? Basi linaondoka saa mbili!"

"Hapana, Hajati. Saa tano za kungoja. Kwa usiku itakuwa saa sita kasorobo."

Pakawa kimya, isipokuwa jenereta.

Nikautazama mlango wa CD, umeandikwa 52X. Ulimi ulikuwa tayari kusema megabaiti 52, nikauuma. X moja ni kilobaiti 150 kwa sekunde, kasi ya vile visomaji vya CD vya mwanzo. Mara 52 ni 7,800, haifiki hata megabaiti nane. Na mlango wenyewe ulikuwa wa kusoma tu. Kuandika haujui.

Likabaki moja. Nikatoa bisibisi. "Hajati, nifungue nitoe diski ya ndani, nikaichomeke kwenye mashine ya jirani wa fotokopi. Ile kebo pana ya ndani hupitisha hadi megabaiti 100 kwa sekunde. Megabaiti, B kubwa, muulize mjukuu."

"Skrubu hizo alizikaza marehemu kwa mkono wake. Rudisha hiyo bisibisi."

Nikairudisha.

Saa mbili kasorobo jenereta ikakohoa ikanyamaza. Lita moja, kama nilivyoagiza. Tulikuwa tumefika asilimia 20.

Hajati hakusema nami tena. Aliifunga sipiyu nzima kwa vitenge viwili kama mtoto wa homa, akampakatisha kijana wake juu ya boda, akasema kwa sauti ya kunifikia, "Kampala kuna mafundi."

Asubuhi nilikuwa kwenye kibanda cha rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, mjukuu akanikuta, daftari mkononi.

"Mjomba, basi limetumia saa nane. Nimegawa 18,000 kwa sekunde 28,800. Ni 0.625. Kumbe basi ni polepole kuliko ule waya wako."

Nikazidisha kwa nane kichwani: megabiti 5 kwa sekunde. Namba hiyo naijua. Ndiyo kasi ya ST-506, diski ya mwaka 1980 iliyobeba megabaiti 5 tu. Basi zima, limevuka Nile mara mbili, Pakwach na Karuma, sipiyu mapajani mwa mtu, limekwenda sawasawa na mzee yule.

"Megabiti tano," nikamwambia.

"B kubwa?"

"Ndogo."

Akaandika. Kisha akanyoosha mkono.

"Na bibi amesema nije na pesa ya petroli. Lita moja."