Whitchurch High: nani hasa aliwalea Bale, Warburton na Thomas?

Mwaka 2018, ndani ya wiki kumi tu, shule moja ya serikali kaskazini mwa Cardiff, Wales, ilitajwa mara tatu kwenye habari kubwa za michezo. Mei 26 mjini Kyiv, Gareth Bale alitoka benchi akafunga mabao mawili, la kwanza kwa tikitaka, Real Madrid ikaichapa Liverpool 3-1 na kubeba Ligi ya Mabingwa. Julai 18 Sam Warburton, aliyekuwa nahodha wa Wales na wa British and Irish Lions (timu teule ya raga ya Uingereza na Ireland), alitangaza kustaafu raga kwa majeraha akiwa na miaka 29. Julai 29 Geraint Thomas akaingia Paris na jezi ya njano ya mshindi wa mbio za baiskeli za Tour de France.

Wote watatu walisoma Whitchurch High School. Bale na Warburton walikuwa darasa moja, Thomas akiwatangulia kwa miaka mitatu. Tangu hapo swali limekuwa lilelile: shule ina siri gani?

Tuanze na wasioamini siri hiyo, kwa sababu hoja zao ni nzito. Shule ilifunguliwa mwaka 1937 ikiwa ya kuchuja wanafunzi kwa mtihani. Enzi hizo ilimtoa Andrew Davies, aliyeandika tamthilia ya BBC ya 1995 ya Pride and Prejudice, ingawa mashabiki wa michezo hawamkumbuki kabisa. Baadaye mchujo uliondolewa, ikawa inapokea kila mtoto wa eneo lake, na idadi ikapanda hadi zaidi ya 2,000. Gawa kwa madarasa saba: karibu watoto 300 kila mwaka. Shule ya watoto 600 ingehitaji zaidi ya miaka mitatu kupitisha idadi hiyo. Ukitupa nyavu kubwa namna hiyo kwa miongo kadhaa, samaki wakubwa watatu si muujiza.

Halafu angalia mafunzo yenyewe yalitolewa wapi. Bale alionwa na Southampton akiwa na miaka tisa, akaingizwa kwenye kituo chao cha vijana kilichokuwa Bath, ng'ambo ya mpaka wa Wales. Mjomba wake Chris Pike aliwahi kuichezea Cardiff City, kwa hiyo mpira ulikuwa nyumbani kabla ya kuwa darasani. Warburton alipita akademi ya Cardiff Blues.

Kwa Thomas ndipo hoja ya shule inapolegea zaidi. Alianza na klabu ya baiskeli ya watoto ya Maindy Flyers akiwa na miaka kama kumi, klabu yenyewe ikiwa changa, imeanzishwa mwaka 1995. Uwanja wa Maindy, hapohapo Cardiff, ulifunguliwa mwaka 1951 na ukatumika kwa baiskeli katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1958. Njia yake ina urefu wa mita 460, iko wazi juani na mvuani. Viwanja vya ndani vya kisasa vina mita 250 na kona zilizoinuka kama ukuta. Mtoto akipunguza kasi pale, magurudumu yanateleza na anashuka chini mzimamzima. Maindy kona ni za upole, hakuna magari, na mzazi anamwona mwanawe mzunguko mzima. Ubaya wake ni mvua: njia ikilowa, mazoezi yamekwisha.

Kipimo rahisi ni kuuliza nani mwingine alipita hapo. Elinor Barker na Owain Doull, wote wenye dhahabu za baiskeli za Olimpiki za Rio 2016, ni zao la Maindy Flyers. Barker alisoma Llanishen, Doull alisoma Glantaf. Shule tofauti, uwanja mmoja. (Wakereketwa wa nadharia ya viwanja nao wakumbuke kwamba aliyeshika nafasi ya tatu nyuma ya Thomas mwaka 2018 ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyejifunza kwenye barabara za Kenya.)

Basi shule haina lake? Hapo sikubaliani. Tazama tarehe za kuzaliwa. Mwaka wa shule Wales huhesabiwa kuanzia Septemba 1 hadi Agosti 31. Warburton alizaliwa Oktoba 5, 1988. Bale, Julai 16, 1989. Darasa moja, lakini mmoja ni wa mwanzo kabisa na mwingine ni wa mkiani, tofauti ya miezi tisa na ushee. Katika umri wa miaka 12 miezi hiyo ni sentimita kadhaa na kilo kadhaa. Akademi nyingi hukosea hapohapo: huchagua mtoto aliyewahi kukua zikidhani zimechagua kipaji, na wa Julai na Agosti hutupwa. Bale mwenyewe aliporefuka ghafla mwili ulimsumbua, na Southampton ilikaribia kumwacha. Akademi inaweza kumwacha mtoto. Shule ya serikali haiwezi. Ijumaa anaachwa na klabu, Jumatatu bado ana timu.

Kuna pia ile kanuni ambayo mwalimu wa michezo alimwekea Bale katika mechi za shuleni: mguso mmoja tu, na mguu wa kushoto marufuku. Ilikuwa na faida mbili kwa mpigo. Wenzake walipata mechi badala ya kutazama maonyesho, na yeye alilazimika kuamua pasi kabla mpira haujamfikia, tena kwa mguu dhaifu. Hatari yake nayo ipo: ukimbana hivyo mtoto asiyeelewa sababu, ataona anaadhibiwa kwa kuwa hodari, atazira. Kwa hiyo dawa hii inategemea mwalimu anayemjua mtoto, na hilo akademi ya mara mbili kwa wiki hulipata kwa shida.

Ninachoipa Whitchurch, basi, ni sifa ya kutowabana mapema. Warburton alicheza soka timu moja na Bale, na raga haikumpotea. Ufundi ulitoka mtaani na vilabuni, na shule ilikuwa mahali pa kukutania.

Ndiyo maana mjadala wa Maindy unaumiza. Halmashauri ya Cardiff ilipendekeza kupanua shule jirani ya Cathays kwenye eneo la uwanja huo, na kujenga njia mpya ya baiskeli Cardiff Bay. Watoto wa Cathays wanahitaji madarasa, na njia ya mwaka 1951 si ya kujivunia. Lakini Cardiff Bay iko upande wa pili wa jiji. Mtoto wa miaka kumi wa Whitchurch atalazimika kupita katikati ya jiji lote kuifikia, na kama nyumbani hakuna gari wala mtu wa kumpeleka, hatafika. Na uwanja wa baiskeli unaoitwa kwa jina la Geraint Thomas tangu 2018, kwa taarifa yako, uko Newport, mji mwingine kabisa.